Uzi wa Wino

Uzi wa wino ulivurugika tena.

Ulikuwa umeingia vizuri kwenye bomba la kioo, mwembamba kama unywele. Ghafla ukayumba, ukajikunja, ukatawanyika, na maji yote yakawa mekundu.

"Mara ya tano!" Binti alibwaga kitabu mezani. "Na mtihani ni saa nne!"

"Kitabu kimekukosea nini?" aliuliza baba yake, fundi bomba mstaafu, huku akifunga koki. Mtambo ule juu ya meza ya jikoni aliuunda mwenyewe: ndoo, bomba la kioo, koki, na sindano ya kupenyeza wino.

Mtihani ulikuwa wa vitendo. Mtahiniwa afungue koki polepole, aonyeshe maji yakienda kwa utulivu, kisha aeleze huvurugika lini na kwa nini. Mwaka juzi na mwaka jana nyumba hii ililetewa barua ileile: hukufaulu. Safari hii ilikuwa ya tatu, na kanuni haikuruhusu ya nne.

"Turudi mwanzo," binti alisema. Wiki nzima hakuwa amelala vizuri. "Mwendo ni uleule, bomba likawa jembamba?"

"Maji yanatulia."

"Mwendo ukizidi?"

"Yanavurugika. Mwanangu, hayo nimeyajua kabla hujaota meno. Miaka arobaini nimeyasikia yakigombana ndani ya kuta za watu."

"Haya, mjuzi. Sasa mbona yanavurugika na koki tumeifungua kidogo tu?"

Mzee aliinama, akachungulia chini ya meza. Goti la binti lilikuwa likigonga mguu wa meza bila kupumzika.

"Lo! Fundi mzima nahangaika na koki, kumbe cherehani iko huku chini! Hebu toka mezani."

"Nina wasiwasi, baba!"

"Kaa nao mlangoni huko. Maji ni kama shangazi yako: ukiyagusa kidogo tu, yamepata sababu."

Binti alicheka bila kutaka, akaenda kusimama mlangoni. Koki ikafunguliwa. Uzi ukapita katikati ya bomba, ukanyooka hadi mwisho kama uliopigiwa rula. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Saa nne kasorobo walifika kwenye lango la shule wakihema. Watahiniwa walikuwa wameanza kuingia mmoja mmoja. Akina mama walikuwa wakiwafunga watoto vifungo, akina baba wakirudia mawaidha yaleyale.

Mlinzi alinyoosha mkono. "Wasindikizaji, mwisho hapa!"

Binti alisimama. Akamnyooshea baba yake kola, akamkabidhi kadi ya mtihani na kalamu mbili.

"Jibu ulichoulizwa tu, baba," alimnong'oneza. "Na leo usibishane na msimamizi."