Kaburi la Nyuma ya Nyumba

Sheria ilikataza kuchoronga ardhi kwa kubahatisha, kwa hiyo watafiti wa shaba walianza kwa kupima nywele za watu. Maji ya visima na mahindi ya shamba hupandisha madini mwilini, na nyumba ambayo nywele za watu wake zilikutwa na shaba nyingi ndiyo iliyobomolewa kupisha mtambo wa kuchimba.

Asubuhi hiyo Kalunde aliwanyoa wanawe wote wanne, akajinyoa na yeye. Mtafiti alipofika na mkasi wake, akakuta vipara vitupu.

"Poleni. Mna msiba?"

"Mama mkwe," Kalunde akaropoka. "Tumemzika juzi, hapo nyuma ya nyumba."

Mtafiti akashusha mkasi. Penye kaburi mtambo haukuruhusiwa kusogea, na hilo kila mtu alilijua.

"Basi nyumba yenu imepona, mama. Jumatatu nitakuja kulipiga picha hilo kaburi."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Mtafiti akalitazama pazia, akamtazama Kalunde, akaandika kitu, kisha akaaga.

Alipotokomea, Kalunde akafunua pazia. Mama mkwe, Bibi Nsungwe, alikuwa ameketi kitandani, mvi zake zote kichwani.

"Leo siku gani, mwanangu?"

"Alhamisi, mama."

Bibi kizee akahesabu kwa vidole, polepole.

"Mwambie mumeo aanze kuchimba leo. Udongo wa hapa mgumu. Mimi sitawachelewesha."