Zamu Yangu ya Baiskeli

Siku hizi sheria inawaruhusu wanandoa kuhamishiana uchovu. Mmoja hufanya mazoezi, mwenzake ndiye huchoka, na mwaka ukiisha wanabadilishana zamu.

Mwaka jana ulikuwa wa mume wangu, Ambakisye. Alikimbia kila asubuhi, jioni akapanda baiskeli, na medali akazitundika sebuleni. Mimi nilikuwa nasinzia jikoni huku ugali unaungua. Siku tuliyomzika mama yangu nilianguka kando ya kaburi, watu wakasema ni majonzi. Kumbe Ambakisye, aliyeniaga kwamba amebanwa na kazi, alikuwa kwenye mashindano, anapanda mlima Kitonga.

Sikumgombeza. Nilingoja Januari.

Leo zamu ni yangu. Nimetoka nyumbani alfajiri na baiskeli yake mwenyewe, na vilima vyote vya Mbeya naviona tambarare. Jua lilipopanda akanipigia simu.

"Mama Tuli, rudi," alisema akihema. "Niko sakafuni. Hata kitandani nimeshindwa kufika."

"Pole, Baba Tuli. Ziangalie medali zako."

"Simama basi, hata kidogo. Kifua kinanibana."

"Nisimame kwa nini? Mimi sijachoka."

"Nakuomba, mke wangu."

"Mwambie mama yangu kaburini," nikasema, nikakata.

Simu iliita tena na tena, kisha ikanyamaza. Mbele yangu kulikuwa na mlima mrefu kuliko yote niliyopita. Nikainuka kwenye kiti, nikakanyaga pedeli kwa nguvu zangu zote, na sikusikia chochote.