Mungu, Ziwe Zake

Kichupa kilikuwa kizima. Utepe wa kiwandani haujachanwa, kizibo hakijaguswa, na ndani telomerasi yote imeganda, imelala kama mgeni wa heshima. Mama Friza, fundi wa maabara, alikigeuza mara tatu, akidhani labda macho yanamtania. Hayakuwa yanamtania.

Miezi kumi! Miezi kumi mizima maabara yote inaamini kichupa hicho kilishamiminwa kwenye seli za Bwana Milele.

Bwana Milele ndiye profesa mkuu, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake. Mwaka jana alikwanguliwa baka jeusi mgongoni. Badala ya kuliacha zahanati litupwe, akalibeba kwenye kikopo hadi kazini.

"Ngozi ya mtu kama mimi haiendi jalalani," alisema. "Fundi, nikuzie hizi seli. Halafu uzipe telomerasi, zisife."

Elimu yenyewe wala si ngumu. Seli ni kama mtoto wa shule mwenye penseli moja. Kila ikijigawa, penseli inachongwa. Ikifika mara hamsini hivi kinabaki kipande hakishikiki, seli inaweka daftari chini, kwaheri. Telomerasi ndiyo inayorefusha penseli.

Na seli za Bwana Milele zilishajigawa zaidi ya mara mia mbili. Nono, zinang'aa, zinajaza chupa kila siku mbili kama zinakimbizwa. Alikuwa anazisalimia asubuhi kabla ya kusalimia watu. "Hamjambo, mimi?" Halafu anajikuna mgongo kwenye fremu ya mlango kama mbuzi, anaenda zake.

Sasa Mama Friza akakumbuka. Siku ya kuweka telomerasi alikuwa kwenye simu, anagombana na wifi yake juu ya cherehani. Ugomvi ulipokolea akaandika "tayari" kwenye daftari, akatoka nje ili apayuke vizuri. Aliporudi, akaosha vyombo.

Alishuka ngazi mbilimbili hadi ghorofa ya chini, kwa shoga yake anayepima vinasaba.

"Shoga, nimekwisha."

"Wifi tena?"

"Telomerasi sikuweka. Kichupa kiko vilevile."

Mpimaji aliacha kutafuna karanga. "Na hizo seli zinazomaliza chupa kila siku mbili?"

"Si ndiyo uniambie wewe!"

Mpimaji akawaza kidogo, halafu akacheka mpaka akashika meza. "Chupa yako imeingiliwa. Meza ya pili si wanafuga seli za kansa? Zile hazifi hata ukizitukana. Tone moja limepita na mrija mchafu, likaingia kwako, likala wenyeji, likakaa. Mwenzangu, profesa anausalimia uvimbe wa mtu baki kila asubuhi!"

"Usicheke! Alhamisi anawaonyesha wageni. Akijua nafukuzwa, na mapacha wangu ndio kwanza wanaanza sekondari."

"Basi tupime. Niletee kitu chenye mate yake, tulinganishe. Kama seli si zake, anza kufungasha. Kama ni zake, kichome hicho kichupa, nyamaza, uzeekee hapahapa."

Jioni hiyo Bwana Milele alitafuta kikombe chake cha chai mpaka akamshuku mlinzi.

Siku mbili zilizofuata Mama Friza hakuwa mtu. Aliomba kwenye ngazi, akaomba chooni, akaomba amekumbatia friza. Mungu, ziwe zake. Akamsamehe wifi. Akamwachia na cherehani. Jumatano usiku mapacha walimuuliza kwa nini ametia chumvi kwenye chai, akawajibu wanywe, wasimchanganye.

Alhamisi wageni wakafika, wamevaa suti na manukato ya kutosha mtaa mzima. Bwana Milele akawaingiza ukumbini na chupa yake mkononi, kaibeba kama mtoto mchanga. Mama Friza akabaki kwenye korido, mgongo ukutani, akisikia sauti ya bosi wake ikipita mlangoni bila shida.

Mpimaji akapanda ngazi, karatasi mkononi. Leo hatafuni kitu.

"Sema! Sema upesi, nisife hapa."

"Ni zake."

"Zote?"

"Zote. Ya meza ya pili haimo hata moja."

Mama Friza alirusha mikono juu. Alizungusha kiuno, akabusu karatasi, akamkumbatia mwenzake mpaka miwani ikapinda. "Asante Mungu! Wanangu wanasoma! Nazeekea hapa, nazikwa hapa!" Akaona anacheza peke yake. "Na wewe cheza basi, umesimama kama mlingoti!"

"Shoga," mpimaji akasema taratibu, "una hakika kile kichupa hakikufunguliwa?"

"Hakikufunguliwa hata kidogo, na hakuna atakayejua!"

Mpimaji akaishusha karatasi. Alikuwa ameugeukia mlango. Kule ndani mgeni mmoja alikuwa ameuliza kama seli zisizokufa hazina hatari, na Bwana Milele akaangua kicheko.

"Hapana, mama, hizi ni salama. Hazifi kwa sababu telomerasi tumezipa sisi, kwa mikono yetu. Ila siku ukiona seli za mtu zimekataa kufa zenyewe, bila kupewa kitu, usizilete kwenye maonyesho. Mkimbize mwenyewe hospitali, tena leo hiihii, kama hajachelewa."

Wageni wakacheka, wakampigia makofi.