Goti la Hemedi

"Miguu ya Hemedi naijua kuliko yangu, mama. Haipotei!" Chande alijigamba mbele ya Mama Hemedi, akaondoka na baiskeli ya rafiki yake marehemu.

Enzi hizo baiskeli za vijana wa Ilala, zile zisizo na friwili, ambazo pedali na gurudumu huzunguka pamoja, zilikumbuka miguu ya mwenyewe. Ukiinua gurudumu, pedali zilizunguka zenyewe kwa mwendo wake uleule, hata kama yeye yuko kaburini. Ila zisipoendeshwa zilisahau, na zikiendeshwa ovyo zilijifunza miguu mipya. Ndiyo maana genge la marafiki wa Hemedi lilimchagua Chande aiendeshe, yeye aliyeweza kuiga kila mtu hadi kikohozi cha mwalimu mkuu.

Kila Ijumaa aliirudisha kwa Mama Hemedi na kuinua gurudumu, naye mama akaweka kiganja kwenye pedali, akingoja lile goti bovu la kushoto la mwanawe lisite kidogo.

Ijumaa hii halikusita. Pedali zilikwenda laini, kwa miguu ya Chande mwenyewe.

Kwa siri, Chande akaanza kubonyeza tairi kwa kidole kila pedali ya kushoto ilipopanda.

"Huyo! Mwanangu huyo," mama alinong'ona, amefumba macho.

Saumu, dada yake Hemedi, hakuwa amefumba.

"Chande," alisema taratibu, "hebu toa kidole."