Anwani ya Asali

Ombi la tatu la Cornelius Snell lilifika Jumatano kutoka Brisbane. Didi alilisoma akiwa amesimama, kwa hasira.

Mtu huyo aliitaka anwani ya mtandao yenye neno asali, na .nf mwishoni, herufi za kisiwa chao cha Norfolk. Watu wa nje huzitamani herufi hizo kwa biashara zao, lakini kanuni ilikuwa moja: apewe mkazi tu. Didi ndiye aliyekuwa mwandikishaji. Alikuwa na wiki ya pili katika kazi hiyo, aliifanyia nyumbani, na hakuwa amemwambia mtu.

Anwani hiyo alikwisha kumwekea Toti, jirani yake. Toti alikuwa na mizinga arobaini na asali tamu kupita kiasi, ila wateja wachache. Jumamosi yalikuwa maonyesho ya kilimo, na wageni wangejaa. Bila anwani kwenye lebo wasingeweza kuagiza tena wakisharudi kwao, na Toti alishaapa kwamba mwaka huu mambo yakigoma anagawa mizinga na kumfuata binti yake huko bara, Australia. Didi hakutaka ahame. Alimpenda, basi tu hajamwambia.

Alifungua kitabu cha simu. Humo kila mkazi yumo, kwa jina analoitwa na majirani. Yumo Boga, yumo Kijiko, yumo Yoyo na mkewe. Cornelius Snell hakuwamo.

Jioni Toti alileta pai ya ndizi. Didi akamuuliza, bila kutaja habari za anwani, mtu aking'ang'ania kisicho chake afanyweje.

"Usimchekee, jirani," Toti alisema huku akikata pai. "Mwite mwizi, tena kwa maandishi. Atashika adabu."

Didi aliandika hivyo hivyo, akatuma kabla pai haijapoa.

Ijumaa asubuhi alivuka uzio na fomu mkononi, akicheka peke yake. Alimkuta Toti amenuna, kama mtu asiyelala vizuri. Aliposikia kwamba anwani ya asali ni yake, hata hakuuliza imepatikanaje. Alimkumbatia Didi kwa nguvu, akamkabidhi kijiko kilichojaa asali, kisha akaketi na kuanza kuandika polepole kwenye mstari wa kwanza: Cornelius Snell.

Didi alisahau kumeza.

Kalamu ya Toti ilishuka hadi chini ya karatasi, palipochapwa jina la mwandikishaji, ikasimama.

"Leonora Quintal," alisoma. "Huyu ndiye nani? Juzi kamwandikia binti yangu Brisbane, anayeniombea anwani hii, kwamba mimi ni mwizi. Nikimjua, halambi asali yangu mpaka anaingia kaburini."

Didi alilamba kijiko upesi upesi mpaka kikatakata, akachukua kalamu, akatia sahihi juu ya jina hilo.