Meza, Mzee

“Mimi nimelisha wagonjwa kutoka Otonglo mpaka Kisian,” Achola alimwambia nesi. “Sawa, wengi walikuwa kuku. Lakini koo ni koo.”

Nesi akacheka, akamwachia kijiko. Tangu kiharusi kimwangushe, Mzee, mumewe Achola, hakuwa amemeza kitu wala kusema neno. Chakula kilimfikia kwa mpira wa puani. Leo, kama angemeza uji bila kupaliwa, mpira ungetolewa.

“Polepole, Mzee. Usiufakamie kama ugali wa matanga. Usiugugumie kama maji. Meza tu.”

Uji ulikaa mdomoni kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kiti. Achola alilikodolea macho koo lile jembamba, lenye vinyweleo vya mvi. Akameza mate yeye mwenyewe, kumwonyesha njia. Akameza tena.

Kongomeo la Mzee likapanda, likasimama, kisha likashuka.

Hakukohoa.

Achola alitaka kupiga kigelegele, akakumbuka yuko wodini. Akamfuta kidevu kwa ncha ya leso.

“Umemeza, baba! Tena ujue hukuwa peke yako. Tangu ulazwe, hata mimi ni uji tu. Samaki sijamwonja, hata ngege mmoja, haki ya Mungu.”

Mzee aliinua mkono wake ulio mzima, taratibu, akamgusa shavuni. Achola akafumba macho, akauegemea.

Alipoyafumbua, gamba la samaki lilikuwa likimeta kwenye ncha ya kidole cha Mzee.

“Ngege?” Mzee akauliza.