Ungamo la Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi, raia wote wa Marekani waliungama kwa Rais. Mapadri walikuwa wameachiwa ubatizo na mazishi tu. Huko Minneapolis, Leokadia alijifungia stoo mbele ya spika ya serikali, huku mumewe Gervas akikaanga mayai jikoni na roho ikimuuma. Zamani mkewe alimweleza yeye kila kitu. Siku hizi alitoka mle stoo uso umenawiri, akala kimya.

"Leo umekaa dakika arobaini," Gervas alisema. "Mnaongea nini?"

"Baba Eliya, unajua sheria hairuhusu niseme. Nenda, ni zamu yako."

Gervas aliingia, akapiga magoti. Badala ya kutubu, aliuliza, "Mke wangu amekwambia nini kuhusu mimi?"

"Hayo ni yangu na Leokadia," Rais alijibu kwa upole. "Ila alinidokeza kwamba ungeuliza. Haya, mwanangu, wivu huu umekuanza lini?"

Gervas alitaka kunyanyuka aondoke. Lakini sauti ile ilimsubiri bila haraka, naye akajikuta anaeleza, tangu mwanzo, mambo ambayo hakuwahi kumwambia mkewe.